Mwimbaji, Gitaa na Redio ya Umma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wetu tumeuona muziki huu kwenye simu kabla ya kuusikia redioni: msanii mmoja na gitaa kavu, amesimama nyuma ya meza ya ofisi iliyozungukwa na rafu za vitabu, bila taa za rangi wala wacheza shoo. Kisha maswali yanaanza. Hii ni redio kweli? Nani anailipia? Msanii anapata nini? Na mtu anafikaje pale? Nimeyajibu hapa yale ninayoulizwa zaidi. Sehemu kubwa ya majibu inahusu Marekani, maana huko ndiko waimbaji-watunzi wamepata makazi ya kudumu kwenye redio ya umma.

Redio ya umma ya Marekani ni redio ya serikali?

Hapana, na hapa ndipo wengi wetu hujikwaa, kwa sababu tumezoea redio ya taifa inayomilikiwa na dola. Marekani vituo vya umma vinamilikiwa na vyuo vikuu, bodi za wananchi, majimbo au mashirika yasiyo ya faida. NPR (National Public Radio), jina linalotajwa sana, ilianzishwa mwaka 1970 kama shirika la wanachama, na wanachama wenyewe ni vituo. Inatengeneza vipindi, na vituo vinavinunua na kuvirusha. Haimiliki vituo hivyo. Kwa hiyo WFUV ya New York ni ya Chuo Kikuu cha Fordham, WXPN ya Philadelphia ni ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na kila kimoja kina mkurugenzi wake wa muziki na ladha yake.

Ukizungusha redio ya gari kule Marekani, vituo hivi utavikuta upande wa kushoto wa masafa, kati ya 88 na 92. Eneo hilo la FM limetengwa kwa vituo visivyo vya biashara. Haviruhusiwi kurusha matangazo ya kumhimiza msikilizaji anunue kitu. Mdhamini anatajwa jina na shughuli yake, basi: hakuna bei, hakuna "fika leo dukani kwetu".

Tukisema muziki wa asili na indi, tunamzungumzia nani?

Muziki wa asili ya Kimarekani ni mkusanyiko wa mito kadhaa: folki, bluzi, kantri ya zamani, bluugrasi ya milima ya Appalachia, injili, muziki wa Wakajuni wa Louisiana. Vyombo vyake ni gitaa kavu, fidla, mandolini, besi ya kusimama na banjo, ambayo asili yake ni Afrika na ilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Indi ni wasanii wanaojitegemea au wenye lebo ndogo, wanaotunga wenyewe na mara nyingi wanaomiliki rekodi zao.

Mipaka kati ya makundi haya imefifia. Msanii wa leo anaweza kupiga mtindo wa vidole kama mzee wa Mississippi, kisha akaongeza kinanda cha umeme na mashairi kuhusu kodi ya nyumba. Kinachowaunganisha ni kwamba wimbo unaanza na maneno, na aliyeyaandika ndiye anayeyaimba.

Kwa nini redio za biashara haziwachukui?

Redio ya biashara huuza masikio ya wasikilizaji kwa watangazaji wa bidhaa. Wimbo wowote unaoweza kumfanya mtu abadilishe kituo ni hatari kwa mapato. Wimbo wa dakika sita kuhusu mgodi uliofungwa, unaoanza na gitaa tupu kwa sekunde arobaini, haupenyi.

Hali ilizidi baada ya mwaka 1996. Sheria mpya ya mawasiliano iliondoa ukomo wa kitaifa wa idadi ya vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki. Kabla ya hapo ukomo ulikuwa vituo 40. Miaka michache baadaye kampuni ya Clear Channel ilikuwa na zaidi ya 1,000. Orodha za nyimbo zikaanza kupangwa makao makuu, na mtangazaji wa mji mdogo aliyekuwa akipiga kaseti ya kijana wa mtaani akapoteza uhuru huo.

Redio ya umma hutegemea watu wanaotoa pesa kwa hiari kwa sababu wamesikia kitu ambacho hawakukipata kwingine. Mkurugenzi wa muziki anayepiga yaleyale yanayopigwa kila mahali hana sababu ya kuomba mchango. Kwangu hilo ndilo jibu la msingi la ukurasa huu wote: namna redio inavyopata pesa ndiyo inayoamua wimbo utaachwa uishe au utakatwa katikati.

Mambo haya yalianza lini?

Kabla hata ya jina "redio ya umma" kuwepo. New York ilikuwa na WNYC, kituo kilichomilikiwa na mji wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Lead Belly, mwimbaji mweusi wa Louisiana mwenye gitaa la nyuzi kumi na mbili, alikuwa na kipindi chake pale. Fikiria nchi ya ubaguzi wa wazi, na mtu aliyewahi kufungwa jela kusini akiingia majumbani mwa watu kwa sauti yake kila wiki.

Desemba 1945 Oscar Brand, mzaliwa wa Winnipeg, Kanada, alianza kipindi cha nyimbo za folki kwenye kituo hichohicho. Alikiendesha hadi alipofariki Septemba 2016, zaidi ya miaka 70, na kwa miaka yote hiyo hakulipwa. Wakati wa msako wa wanaodaiwa kuwa wakomunisti, wasanii kama Pete Seeger walifungiwa milango ya televisheni na redio kubwa. Brand aliendelea kuwapokea. Oktoba 1961 alimkaribisha kijana wa miaka 20 ambaye karibu hakuna aliyemjua nje ya vilabu vya Greenwich Village, mtaa wa New York. Jina lake lilikuwa Bob Dylan.

Mambo yaliyofuata yalijengwa juu ya msingi huo. Sheria ya utangazaji wa umma ilipitishwa 1967 na kuunda CPB, shirika la kugawa ruzuku ya serikali kuu kwa vituo. NPR ikaanza kurusha taarifa zake za kila siku Mei 1971. Vipindi vya muziki vya mikoani vikapata njia ya kusikika nchi nzima.

Mountain Stage ni nini, na kwa nini kila mpenzi wa muziki huu anaitaja?

Ni kipindi cha redio cha muziki wa jukwaani, na kinatajwa kwa sababu kinatoka West Virginia, jimbo la milima na makaa ya mawe ambalo watu wa miji mikubwa hulisahau, na kimekuwa ikifanya kazi hii tangu 1983. Waanzilishi walikuwa watatu: Larry Groce, Andy Ridenour na Francis Fisher. Groce mwenyewe alikuwa mwimbaji-mtunzi aliyewahi kuingia chati za Marekani mwaka 1976. Alikuwa mtangazaji wa kipindi hadi 2021, akamkabidhi Kathy Mattea, mwimbaji wa kantri mzaliwa wa jimbo hilohilo.

Kipindi ni cha saa mbili. Hurekodiwa mbele ya hadhira, mara nyingi katika ukumbi wa Culture Center mjini Charleston, kisha hurushwa na vituo zaidi ya 200. Kwa kawaida huwa na wasanii watano katika usiku mmoja. Anaweza kuwepo mkongwe wa bluzi, kundi la vijana wa Brooklyn, mpiga banjo wa kijiji cha jirani, mshairi mwenye gitaa kutoka Texas, na mgeni kutoka bara jingine. Mwishoni wote hupanda jukwaani na kuimba wimbo mmoja pamoja.

Huo wimbo wa mwisho ndio ninaoupenda kuliko yote. Unamsikia mtu maarufu akiitikia kiitikio cha mtu ambaye saa mbili zilizopita hakuwa anamjua. Wanakosea maneno, wanatazamana, wanacheka, na fundi mitambo anaacha yote yaende hewani.

Aprili 1991 bendi ya R.E.M. ilikuwa miongoni mwa bendi kubwa kabisa duniani, na mwaka huo hawakufanya ziara. Walikwenda Charleston wakapiga Mountain Stage. Kipindi chenye bajeti ya jimbo maskini kilipata kile ambacho viwanja vya michezo vilikikosa, na bendi iliyotikisa chati ikakaa kwenye jukwaa lile kama mgeni mmojawapo wa usiku ule.

Tiny Desk ni redio au ni video?

Tiny Desk, yaani "meza ndogo", ndiyo ile ya meza ya ofisi niliyoanza nayo. Ni video iliyozaliwa na watu wa redio, na masikio ya redio yamo ndani yake.

Kisa chake ni hiki. Machi 2008 Bob Boilen na Stephen Thompson wa NPR walikuwa Austin, Texas, kwenye tamasha la SXSW. Walikwenda kumsikiliza Laura Gibson, mwimbaji wa sauti ya chini kutoka Oregon. Baa ilijaa kelele za wanywaji, hawakumsikia. Thompson akamwambia kwa utani aje aimbe kwenye meza ya Boilen ofisini. Wiki chache baadaye, Aprili, Gibson akafika Washington, akaimba mezani, wakarekodi. Jina nalo limetokana na bendi ya zamani ya Boilen, Tiny Desk Unit.

Siri yake ni ya kiufundi, na ndiyo inayowatesa wasanii. Ndani ya ofisi hakuna spika za kukuza sauti ya mwimbaji. Maikrofoni zipo kwa ajili ya kurekodi tu. Waliosimama pale wanasikia sauti jinsi inavyotoka kifuani. Mpiga ngoma akipiga kama alivyozoea, mwimbaji hatasikika, kwa hiyo bendi nzima inalazimika kushuka hadi chini ya sauti ya mtu. Wengi hupanga nyimbo zao upya: ngoma zinakuwa za mikono, gitaa la umeme linakuwa kavu, kiitikio kinabebwa na watu watatu waliobanana kona moja.

Nyimbo ni tatu au nne. Msanii anaongea kati ya wimbo na wimbo, na watazamaji wake ni wafanyakazi waliotoka kwenye madawati yao. Siku hizi wanakuja wanahiphopu, wanamuziki wa Afrika Magharibi na nyota wa dunia, jambo ambalo baadhi ya wapenzi wa zamani wanalilalamikia. Mimi silalamiki. Kanuni ya meza haijabadilika, na imewaonyesha mamilioni ya watu kwamba wimbo uliotungwa vizuri husimama hata ukivuliwa mapambo yote.

Lile shindano la Tiny Desk linafanyaje kazi?

Msanii asiye na mkataba wa kurekodi hutuma video akiimba wimbo wake mwenyewe, na lazima meza ionekane kwenye picha. Ni kwa wakazi wa Marekani waliofikia utu uzima, kwa hiyo ukiwa Mwanza au Mombasa huwezi kuingia, lakini ukiwa na makazi Columbus au Houston unaweza.

Mshindi wa kwanza, 2015, alikuwa Fantastic Negrito wa Oakland, California, mwanamuziki wa bluzi ambaye baadaye alishinda tuzo za Grammy. Mwaka 2016 alishinda Gaelynn Lea wa Duluth, Minnesota. Ana ugonjwa wa mifupa inayovunjika kwa urahisi, na fidla yake huishika wima mbele yake badala ya kuiweka begani. Hupiga kipande kimoja, mashine inakirudia, anaongeza kingine juu yake, hadi mtu mmoja anasikika kama kundi zima. Mwaka 2019 alikuwa Quinn Christopherson wa Alaska. Mwaka 2022 alikuwa Alisa Amador wa Boston, kwa wimbo wa Kihispania. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu naulizwa sana kama lazima mtu aimbe Kiingereza. Si lazima.

Kuna vipindi gani vingine?

World Cafe ya WXPN, Philadelphia, ilianza 1991 chini ya David Dye. Tangu 2019 inaendeshwa na Raina Douris. Ni mazungumzo na nyimbo kwa mchanganyiko, na mazungumzo yake ni ya kina: utasikia mtunzi akieleza kwa nini ubeti wa pili aliuandika baada ya wa tatu. Kituo hichohicho huandaa maonyesho ya bure saa sita mchana siku za Ijumaa.

KEXP ya Seattle ilianza 1972 kama redio ya wanafunzi ya Chuo Kikuu cha Washington, ikabadilishwa jina 2001. Vikao vyake vya studio vinatazamwa dunia nzima mtandaoni. KCRW ya Santa Monica ina kipindi cha asubuhi, Morning Becomes Eclectic, kilichowatambulisha waimbaji wengi wa California. The Current ya Minnesota Public Radio, masafa 89.3, ilianza 2005 na inajali sana wasanii wa jimbo lake. Nitairudia hapo chini.

Msanii hulipwa?

Tutenganishe ada na mirabaha, yaani malipo ya kila kazi yako inapotumika.

Ada ya kutumbuiza inatofautiana. Kipindi cha jukwaani chenye watu waliokata tiketi ni kitu kimoja, kikao cha studio cha asubuhi ni kitu kingine. Usikiendee kikao cha studio ukitegemea ada ilipe mafuta ya gari. Faida yake ni kwamba usiku uleule una onyesho mjini, na watu waliokusikia asubuhi wanakuja mlangoni.

Mirabaha ndipo mtunzi anapata upendeleo. Sheria ya Marekani inazitaka redio za FM na AM kumlipa mtunzi na mchapishaji wa wimbo, kupitia vyama kama ASCAP na BMI. Haizitaki kumlipa mwimbaji wala mwenye rekodi. Ndiyo, umesoma sawasawa: ukiimba wimbo wa mtu mwingine ukapigwa FM nchi nzima, mtunzi analipwa na wewe hulipwi. Naona ni dhuluma ya muda mrefu. Lakini mwimbaji-mtunzi yuko upande ulio salama kidogo, kwa kuwa wimbo ni wake.

Kwenye redio za mtandaoni na za setilaiti mambo ni tofauti. Shirika la SoundExchange hukusanya malipo ya rekodi: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu, 5 kwa wapigaji walioshirikishwa. Msanii wa indi anayemiliki rekodi zake huchukua mafungu mawili ya kwanza yote. Ajabu ni kwamba wengi hawajajisajili, na pesa zao zinakaa huko. Kama una ndugu au rafiki Marekani anayeimba, mwulize leo kama amejisajili.

Mtu anaingiaje hewani?

Kwa mlango mdogo kwanza. Karibu kila kituo cha umma kina kipindi cha wasanii wa nyumbani, mara nyingi usiku wa mwisho wa wiki, na mtangazaji wake ndiye mtu mwenye masikio wazi kuliko wote jengoni. Mtumie nyimbo mbili, si albamu nzima. Andika unatoka mtaa gani, unapiga wapi mwezi ujao, na nani aliyepiga kila chombo. Barua ya mistari sita inasomwa. Ya kurasa mbili haisomwi.

Usimtumie meneja wa kituo. Usitume faili zisizo na jina lako. Usimwandikie mtu ambaye hujawahi kusikiliza kipindi chake. Atajua kwenye sentensi ya kwanza.

Kutoka hapo, watangazaji husikilizana. Mkurugenzi wa muziki wa Minneapolis anajua kinachopigwa Philadelphia, na wanakutana kwenye mikutano yao ya kila mwaka. Wimbo ukishika mji mmoja, simu zinaanza kutoka miji mingine.

Nikiitwa studioni, nijiandae vipi?

Hapa nitasema mengi, maana nimeona vipaji vingi vikipotea kwa mambo madogo.

Badilisha nyuzi za gitaa siku moja au mbili kabla, si asubuhi ileile, kwa sababu nyuzi mpya hulegea na gitaa linatoka kwenye tuni katikati ya ubeti. Beba nyuzi za akiba na betri ya akiba kama gitaa lina pikapu, kile kifaa cha kunasa sauti. Studio huwa na ubaridi wa viyoyozi, na mbao za gitaa huhisi tofauti hiyo, kwa hiyo fika mapema uliache lizoee chumba.

Chagua wimbo wa kwanza ambao koo lako linauweza hata ukiwa hujalala. Kikao cha saa tatu asubuhi kwa mtu aliyepiga baa hadi usiku wa manane ni mtihani wa mwili. Ukiuanza wimbo wa noti za juu kabisa, utatumia dakika zote zilizobaki ukijaribu kujisamehe.

Kaa umbali uleule kutoka kwenye kipaza sauti. Msanii wa jukwaani huzoea kusogea na kurudi. Redioni kila sentimita inasikika. Ukipumua, wanasikia. Ukigonga mguu sakafuni, wanasikia, na pengine ndivyo unavyotaka, ila mwambie fundi mapema aweke kipaza sauti chini.

Angalia maneno. Tume ya mawasiliano, FCC, inakataza lugha chafu hewani kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nne usiku, na faini anaibeba mwenye kituo. Kama wimbo una neno hilo, uwe na toleo la redio na ulifanyie mazoezi, kwani ulimi uliozoea utakusaliti.

Na andaa hadithi moja ya kila wimbo, isiyozidi nusu dakika. Mtangazaji atakuuliza wimbo ulitoka wapi. "Ulinijia tu" ni jibu linaloua mazungumzo. Sema ulikuwa jikoni kwa nani, mwezi gani, nani alikuwa amefariki.

Kuna mtu wa kwetu aliyepita njia hii?

Ndiyo, na kisa chake kinanigusa sana. Ondara, ambaye mwanzoni alijulikana kama J.S. Ondara, ni Mkenya aliyekulia Nairobi. Aliwahi kubishana na mwenzake kuhusu nani mwenye wimbo fulani, akiamini ni wa bendi ya roki, kumbe ni wa Bob Dylan. Akashindwa dau. Akaanza kumsikiliza Dylan, na mwaka 2013 akahamia Minneapolis, katika jimbo alikozaliwa Dylan. Hakuwa anajua kupiga gitaa. Alijifunza huko, akaanza kuimba kwenye majukwaa ya wazi, ambako yeyote anaruhusiwa kupanda.

The Current kilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza kupiga nyimbo zake. Si lebo kubwa wala si televisheni. Februari 2019 ilitoka albamu yake Tales of America, ikateuliwa kuwania Grammy ya albamu bora ya Amerikana. Kijana wa Nairobi akawekwa katika fungu la muziki ambao Wamarekani wanauona ni wao kabisa, kwa sauti ya juu, nyembamba, na gitaa moja.

Nyuma yake kuna mzee mwingine. Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Mtindo wake wa vidole ulienea hadi Nairobi na kuwafundisha wapigaji wengi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la folki la Newport, Marekani. Ukimsikiliza Bosco kisha ukamsikiliza mpigaji wa vidole wa Carolina, kidole gumba kikishika besi na cha shahada kikicheza wimbo, utaelewa kwa nini watu wa Newport walimpokea bila kujua neno hata moja alilosema.

Uingereza nao wana kitu kama hiki?

Wanacho, kwa sababu tofauti kabisa. BBC ililazimika. Chama cha wanamuziki kilikuwa kimeweka makubaliano yanayopunguza saa za kupiga santuri hewani, ili wapigaji wasikose kazi. Hivyo BBC ikahitaji muziki uliopigwa studioni mwake. John Peel, aliyekuwa mtangazaji wa Radio 1 ya BBC kuanzia 1967 hadi kifo chake Oktoba 2004, aligeuza ulazima huo kuwa hazina: vikao zaidi ya 4,000, kwa kawaida nyimbo nne zilizorekodiwa kwa siku moja. Waimbaji wa folki wenye gitaa walipita pale, bendi za pank zikapita, na Bhundu Boys wa Zimbabwe nao wakapita.

Ni kweli fedha zimekatwa?

Kweli. Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimeshaidhinishwa kwa CPB kwa miaka miwili, na Rais Trump akatia saini. Agosti mwaka huohuo CPB ikatangaza kwamba inafunga shughuli zake.

NPR yenyewe ilipata sehemu ndogo ya bajeti yake moja kwa moja kutoka huko. Waliopigwa ni vituo vidogo vya vijijini, Alaska, maeneo ya wenyeji asilia, milima ya Appalachia, ambako hakuna matajiri wengi wa kuchangia. Na kuna jambo ambalo wapenzi wa muziki hawaliongelei vya kutosha: CPB ndiyo iliyokuwa ikijadiliana na kulipia haki za muziki kwa niaba ya vituo vya umma nchi nzima. Sasa mzigo huo unawarudia wenyewe. Kituo kinachohangaika kulipa umeme kitafikiria mara mbili kabla ya kupiga muziki saa nane kwa siku, na kipindi cha wasanii wa nyumbani usiku wa Jumapili ndicho rahisi zaidi kukiondoa. Wasikilizaji wengi wameongeza michango yao tangu hapo. Nawaheshimu sana.

Na redio zetu?

Redio Tanzania Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, ndiyo iliyokuwa studio kuu ya kurekodi bendi nchini, na bila kanda zake tusingekuwa na nusu ya muziki wa dansi tunaoujivunia. Kwa hiyo wazo la redio ya umma kumrekodi msanii si geni kwetu hata kidogo. Tunachokosa sasa ni kipindi cha kila wiki, cha saa moja, ambapo mtu mmoja na gitaa au zeze anaingia studioni na kupiga nyimbo nne mubashara bila biti ya kompyuta. Vifaa vipo, wapigaji wapo. Nawaomba wakuu wa vipindi walifikirie.

Nianze kusikiliza wapi?

Anza na Gaelynn Lea mezani, 2016. Kisha tafuta kipindi chochote cha Mountain Stage cha saa mbili na usikirushe mbele, hata kwenye msanii usiyempenda. Halafu World Cafe ukiwa unapika. Vituo vingi vinasikika bure mtandaoni. Kumbuka tu kwamba asubuhi ya Philadelphia ni alasiri au jioni Dar es Salaam na Nairobi, na kipindi cha usiku cha Jumapili kitakufikia alfajiri ya Jumatatu, ukiwa unajiandaa kwenda kazini.